Mgeni wa Mwalimu Jalila

Jumamosi ile Mwalimu Jalila aliamkia Kongowea kununua masweta. Jua la Disemba lilikuwa limeshawaka, wauza mitumba wamevua mashati, naye anachagua masweta mazito ya sufu, manane ya wasichana na moja lake, akiyapima kifuani huku jasho likimtiririka. Muuzaji alimuuliza kama anahamia Limuru kwenye baridi. Akamjibu kwamba anakwenda Ureno, na yule bwana akacheka sana, akidhani anataniwa.

Haukuwa utani. Jalila alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya wasichana huku kwetu Likoni, na wanafunzi wake walikuwa wameshinda shindano la insha juu ya ngome za zamani. Zawadi ilikuwa safari ya siku kumi kwenda kuziona ngome za Wareno huko huko kwao, wale wale waliotujengea ile yetu ng'ambo ya maji bila kuombwa. Wasichana wanane, walimu wawili. Mwalimu wa pili alikuwa Dishon wa hisabati, mtu wa bara, mcheshi, asiyeamini kitu kisichoandikika ubaoni.

Mimi nilipakana na Jalila ukuta kwa ukuta hapa Mtongwe. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Sikumkatiza hata mara moja.

Mjue kwanza alivyokuwa. Hakujaliwa mtoto, na mapenzi yote ambayo angempa mtoto aliyamimina kwenye kufundisha adabu. Shuleni walimwita Mama Adabu, naye alijua, na jina lilimpendeza. Msichana wa Jalila haingii mahali bila kupiga hodi, hata kama ni stoo ya vitabu. Haondoki bila kuaga, na akiaga husema "karibuni kwetu". Mgeni akija kwake, humsindikiza mpaka njiani hata kama mvua yanyesha. Aliwaambia kila siku kwamba neno jema halina gharama. Maskini Jalila, hilo aliliamini kwa moyo wake wote.

Miongoni mwa wale wanane alikuwamo Nyamvula. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, mpole, mwenye macho ya kusikiliza, na insha yake ndiyo iliyoshinda. Mamake alifariki yeye yuko darasa la pili. Baba hakujulikana aliko. Alilelewa na bibi yake, Bi Mwanasaumu, katika nyumba ya chini nyuma ya msikiti, na wawili wale hawakuwa na mtu mwingine duniani. Siku ya kuondoka, bibi alimleta mpaka mlangoni kwa Jalila, akamshika mwalimu mkono na asiuachie upesi.

"Mwalimu, sina mwengine," alisema. "Huyu nakupa amana."

"Amana hurudi kwa mwenyewe, Bi Mwanasaumu. Nitakurudishia mkononi mwako, inshallah."

Ngome mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Upepo wa huko ulikata masikio, na masweta ya Kongowea yalilipa fadhila. Wasichana walipiga hodi kila lango walilofika, watalii wakageuka kuwatazama, na Dishon kutoka nyuma akawa anawaitikia "karibu" kwa sauti nzito ya mzee wa kaya. Walipanda mizinga, wakapigana picha, wakabishana ni mnara upi mrefu. Nyamvula aliandika kila kitu daftarini.

Ngome ya tatu sitaitaja jina. Ilikuwa kwenye mji mdogo wa pwani ambao watalii hawaupapatikii, na aliyewatembeza alikuwa mama mtu mzima aitwaye Dona Graça, mwenye mtungo wa funguo kubwa na Kiingereza cha polepole. Aliwaonyesha ukumbi, kisima na kanisa dogo. Ilipofika saa tisa alasiri aliwavuta walimu pembeni, akawauliza kama wasichana wangependa kukiona chumba cha chini, kwa sababu si kila mtu hupenda. Jalila akasema wamekuja kusoma.

Waliteremka ngazi za mawe hadi kwenye mlango mfupi. Jalila alipiga hodi kwa mazoea. Safari hii Dishon hakuitikia.

Chumba kilikuwa kirefu, cheusi, na dirisha moja tu juu kabisa. Bahari ilisikika lakini haikuonekana. Dona Graça aliwaeleza kwamba hapa waliwekwa watu walioletwa kwa merikebu, wanawake na watoto, wengi wao kutoka pwani ya mashariki ya Afrika, wakingoja kuuzwa. Wengine hawakutoka. Majina yao hayakuandikwa popote. Kisha akamulika ukuta kwa tochi, akawaonyesha mikwaruzo ya kucha na mawe. Mikwaruzo ilikuwa chini sana, usawa wa magoti, na ilimchukua Jalila muda kuelewa kwa nini iko chini hivyo.

Alilia. Alikuwa amelifundisha somo hilo miaka kumi na tisa, na siku hiyo ndiyo kwanza analielewa. Alisoma Fatiha, wasichana wa Kiislamu wakainua mikono, na Lynnette, binti wa mfanyakazi wa bandarini kutoka bara, akainamisha kichwa. Halafu ukawadia wakati wa kwenda, na kwenda bila kuaga kwa Jalila hakukuwezekana. Aligeuka mlangoni, akakitazama kile chumba kitupu.

"Haya wenzetu, sisi twaenda," alisema. "Karibuni kwetu."

Ilikuwa adabu tu. Nasi sote twajua tunavyolisema neno hilo. Humwambia abiria tuliyekaa naye nusu saa, humwambia karani wa ofisi, na hakuna anayeondoka akifikiri amealikwa. Ukitaka mtu aje kweli, humwambia karibu kisha ukamwelekeza njia. Karibu bila njia ni salamu. Karibu yenye njia ni mwaliko.

Wakipanda ngazi, Dishon alirudiwa na ulimi wake, akauliza kama Likoni ina nafasi ya kuwalaza wote hao walioalikwa. Wasichana walicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kwa jinsi walivyofurahi kuuona mwanga. Jalila naye alicheka. Ndipo Lynnette aliposema kwamba Nyamvula hayupo.

Jalila alirudi chini mbio. Alimkuta yule msichana amechutama mbele ya ukuta, mikono magotini, anaongea kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumfahamisha mtoto.

"…ukishavuka feri, ushike njia ya Mtongwe. Uulize kwa Bi Mwanasaumu, nyuma ya msikiti. Mlango wa uani hauna komeo."

Jalila alimwita. Nyamvula aligeuka taratibu.

"Wasema na nani?"

"Ameniuliza kwetu ni api," alijibu.

"Nani?"

Nyamvula alitazama nyuma yake, kwenye ukuta. "Alikuwa hapa, mwalimu."

Api. Hakusema wapi. Jalila alilijua neno hilo kwenye tenzi za kale, na kwa mama wa bibi yake aliyekufa yeye akiwa mdogo. Hakuna msichana wa leo wa Likoni asemaye hivyo. Alimshika Nyamvula mkono, akamtoa, na njia nzima ya kupanda ngazi alijiambia kwamba ni mwangwi, ni baridi, ni uchovu, ni mtoto mwenye fikra nyingi. Hakumweleza Dishon. Hakumweleza mtu.

Walirudi salama. Jalila alimpeleka Nyamvula mwenyewe mpaka mlangoni kwa bibi yake, akauweka mkono wa mjukuu kwenye mkono wa bibi, akasema, amana yako hii. Bi Mwanasaumu alimbusu msichana usoni na mikononi, akampa mwalimu chai ya tangawizi, na alipoondoka akamsindikiza hadi njia kuu. Jalila aliniambia kwamba usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyeutua mzigo.

Wiki tatu zikapita hivi hivi.

Januari ikaingia na joto lake, shule zikafunguliwa. Alhamisi moja baada ya alasiri, Bi Mwanasaumu alikuwa uani akipepeta mchele, kiti chake kimeegemea karibu na mlango wa nyuma. Nyamvula alikuwa ndani akikunja nguo. Bibi alimsikia akisema, "Karibu. Karibu ndani." Hodi hakuisikia. Aliinua kichwa kutazama nani aliyekuja. Uani hapakuwa na mtu. Lakini mlango pale kando yake ulikuwa unasukumwa, polepole, na ulifunguka kiasi cha kupita mtoto mdogo tu.

Tangu siku ile Nyamvula alipakua sahani mbili. Bibi alipomuuliza, alisema ya pili ni ya mgeni. Wali wa ile sahani haukupungua hata punje, ila ulipoa mara ileile ulipowekwa mkekani, na kabla ya magharibi ulikuwa umeota ukungu. Na nyumba ikawa baridi. Nje watu walikuwa wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria, na ndani kwa Bi Mwanasaumu mtu anatamani kujifunika. Majirani walimtania kwamba ameweka mtambo wa baridi kama wa hoteli. Mimi mwenyewe niliingia siku moja kuomba chumvi, nikatoka bila kuiomba. Palinuka mawe mabichi. Palinuka mahali pasipoota jua.

Nyamvula alianza kupungua. Kwanza uso, kisha mikono, kisha sauti. Alipelekwa hospitali, akapimwa malaria, akapimwa damu, na majibu yote yaliyotoka yalisema mzima. Dishon, naye alikuwa na nia njema, alisema msichana amechelewa kumlilia mamake na anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Jalila alilishika hilo, kwa sababu alitaka sana liwe ndilo. Hata siku Lynnette alipomfuata ofisini na kusimama karibu naye kabisa, akinong'ona, alitaka bado liwe ndilo.

"Mwalimu, Nyamvula anaacha nafasi kwa benchi," Lynnette alisema. "Nikisogea ananiambia nisikalie mtoto."

Bi Mwanasaumu akamwita mganga, Mzee Tsofa, kutoka upande wa Kwale. Usimfikirie mtu wa hirizi na mafuvu. Mchana hutengeneza majokofu, na alikuja kwa pikipiki yake, kofia ngumu kichwani, kifuko cha ubani mfukoni. Jalila aliitwa awepo. Nyamvula alikaa kwenye mkeka, na mzee akakaa mkabala naye, akatia ubani kwenye chetezo. Moshi haukupanda. Ulishuka. Ulitambaa mkekani, ukafika kando ya Nyamvula, ukazunguka, ukatulia umezingira kitu. Kilikuwa na kimo cha mtoto aliyekaa.

Mzee Tsofa alimimina maji kwenye makaa, akainuka, akawatoa wanawake wawili nje.

"Huyu si shetani," alisema kwa sauti ndogo. "Shetani ningemfukuza. Huyu ni mgeni. Aliitwa, akaja kwa heshima zake, akapiga hodi, akakaribishwa. Mgeni hafukuzwi."

Bi Mwanasaumu aliuliza basi afanyweje.

"Husindikizwa. Na wa kumsindikiza ni yule aliyemwita."

Jalila alilikumbuka lile neno alilolisema mlangoni mwa chumba. Aliuliza kumsindikiza huko ni hadi wapi. Mzee alimtazama kwa huruma. Akasema yeye hajui, kwa kuwa yeye hakumwita. Alimfundisha maneno ya kusema, maneno machache tu, akavaa kofia yake akaondoka, na chai iliyokwisha kumiminwa kikombeni hakuigusa.

Jalila alirudi ndani, akakaa pale pale alipokaa mzee. Baridi ilimpanda kutoka mkekani. Alimwambia Nyamvula amweleze yote, na Nyamvula akamweleza, bila hofu, huku akipapasa hewa kando yake.

"Ni mtoto, mwalimu. Hajui jina lake. Walimwita mwana tu. Alikuja kutafuta kwao, ameizunguka Likoni yote, hapatambui. Nyumba si zile, na watu si wale. Sasa amtaka mamake."

"Mamake yuko wapi?"

"Kule kule. Hakutoka."

"Na mbona asirudi?"

"Aogopa njia peke yake. Ni mdogo, mwalimu." Machozi yalikuwa yakimshuka Nyamvula. "Halii kwa sauti. Alizoeshwa kutolia kwa sauti."

Jalila akamwambia kwamba Ijumaa, baada ya alasiri, atakuja kumsindikiza mgeni wake. Alimwambia kwa kumaanisha. Bi Mwanasaumu, aliyekuwa mlangoni, alifunika uso kwa leso yake na kumshukuru Mungu.

Ijumaa palikuwa na mkutano wa walimu. Mkutano ulikuwapo kweli, lakini ulikuwa wa kukwepeka, na Jalila hakuukwepa. Alituma salamu kwamba atakuja Jumatatu. Jumatatu kichwa kikamuuma. Jumatano alifika mpaka kwenye kona ya msikiti, akasikia nyumba ile inampulizia baridi kutoka mbali, akageuka. Hebu tusimlaumu upesi. Mtu hujua ushujaa wake siku unapotakiwa, si kabla. Lakini kila siku aliyoahirisha, Nyamvula alizidi kupungua, na mwalimu wake aliliona hilo kwa macho yake kila asubuhi darasani.

Ijumaa ya pili alikwenda. Alioga, akaswali, akamwandikia dadake barua akaiacha juu ya meza. Bi Mwanasaumu alimfungulia mlango. Jua la alasiri lilikuwa limejaa uani, kuku wanaparua, redio ya jirani inasoma habari. Ndani, Nyamvula alikuwa amekaa mkekani. Alikuwa amevaa lile sweta la Kongowea. Lilimpwaya.

"Amekungoja, mwalimu," alisema.

Jalila alipiga magoti. Maneno aliyafahamu. Mgeni wangu, inuka, mimi nitakusindikiza. Ni hayo tu. Alikuwa ameyarudia njiani mara mia.

Alifungua kinywa.

Kitu kidogo kilimshika kidole. Kilikuwa baridi. Kilishika kama mtoto anavyoshika, kidole kimoja tu, kwa kiganja kizima. Hakikuvuta. Kilingoja.

Jalila aliutoa mkono wake.

Hakuwa na la kujitetea, na aliponisimulia hakujitetea. Hakuzibwa mdomo na jini. Hakurogwa. Ilikuwa hofu, hofu yake mwenyewe. Aliwaza njia isiyo na mwisho unaojulikana. Aliwaza kile chumba. Akautia mkono kwapani, akatazama chini, na nyumba nzima ikanyamaza, hata kuku, hata redio.

Halafu akasikia, karibu sana na sikio lake, pumzi ya mtoto anayejizuia kulia.

Nyamvula aliinuka. Alijifunga leso ya bibi yake, akainyoosha vizuri, kama alivyofundishwa. Akanyoosha mkono wake chini, ukashikwa.

"Usijali, mwalimu," alisema kwa upole. "Mimi nilimwelekeza njia. Namsindikiza hadi pale tu."

Hadi pale tu. Sote twasema hivyo tukimtoa mgeni, na pale hapana mahali. Pale ni popote mazungumzo yanapoishia.

Alipita kando ya bibi yake, akambusu bega. Akatoka mlango wa uani. Jalila alimsikia akisema na yule mwenzake, kwa sauti ya kumliwaza, kwamba asihofu, kwamba si mbali. Kando ya nyumba ile kuna kichochoro baina ya ukuta wa uani na ukuta wa msikiti. Hakitoki popote. Mwisho wake ni ukuta mwingine, na mwanzo wake hukaa mama wawili wanaouza viazi karai. Nyamvula alikata kona akaingia mle.

Ndipo Jalila alipopata miguu yake. Alikimbia. Hatua sita, saba, hazikuzidi kumi. Alikata kona.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Wale mama wa viazi walikuwa wamekaa palepale na karai zao, na wakaapa, wallahi, kwamba hakuna aliyewapita. Ila mmoja alijifunga kanga mabegani, akauliza upepo huu wa baridi umetoka wapi.

Tulimtafuta. Polisi walikuja, wakapima kichochoro, wakagonga kuta. Picha yake ilibandikwa kwenye feri, sokoni, Changamwe, Bamburi, mpaka Ziwa la Ng'ombe. Zile karatasi nyingi zilibandikwa na Dishon, kwa mkono wake, jioni baada ya jioni, na tangu hapo sikumsikia tena akitania. Wanaume walipiga mbizi. Redio ilitangaza. Februari ikaisha, Machi ikaisha.

Bi Mwanasaumu hakuweka matanga. Utaweka vipi matanga bila maiti? Watu hawakujua waje kumwambia pole ya nini. Alibaki na ile nyumba yake, na joto likarudi ndani kama nyumba zote, na nadhani joto lile ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Jalila aliacha kufundisha. Kila Ijumaa alikwenda kumtazama bibi. Bi Mwanasaumu alimpokea, akamwitikia salamu, akamtilia chai. Hakumwambia neno baya hata siku moja, na Jalila alikuwa akiomba amwambie. Lakini alipoaga na kuinuka, yule bibi alibaki amekaa, macho ukutani. Hakumtoa hata mpaka kizingitini. Kwa watu wa kwetu, hapo amekwisha kusema yote.

Agosti, asubuhi moja, simu ya Jalila ililia ujumbe. Ulitoka kwa Dona Graça. Aliuliza hali ya wasichana, akawataja wawili watatu aliowakumbuka. Kisha akaeleza kwamba wanaikarabati ngome, na mafundi wamebandua chokaa kwenye ukuta mmoja wa kile chumba cha chini. Chokaa hiyo, kwa kumbukumbu walizonazo, ilipakwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita na haijaguswa tangu hapo. Chini yake wamekuta maandishi. Mafundi wameshindwa kuitambua lugha, ila yeye, akiyasoma kwa sauti, amekumbuka wale wasichana walivyokuwa wakiongea. Ametuma picha. Je, mwalimu anaweza kumwambia yanasema nini?

Jalila aliifungua picha, akaikuza.

Herufi zilikuwa zimechongwa kwa jiwe, kwa subira. Hakuhitaji kuambiwa ni za nani. Mwandiko ule alikuwa ameusahihisha miaka mitatu, kwa kalamu nyekundu, na ile g yenye mkia uliogeukia upande usio wake alishindwa kuinyoosha.

*Mwalimu, mgeni nimemfikisha kwa mamake. Wamelala. Hapa hapana wa kuniaga. Nani atanisindikiza mimi?*

Chini ya maneno palikuwa na vistari vidogo vilivyosimama, kimoja kando ya kingine, safu chini ya safu, kama afanyavyo mtu anayehesabu siku. Jalila alijaribu kuvihesabu, akaacha. Vilijaza ukuta wote ulioonekana, vikafika kwenye ukingo wa picha, na pale picha ilipokatikia bado vilikuwa vinaendelea.

"Mimi," alisema.

Alisema kwa sauti, peke yake sebuleni, saa nne ya asubuhi, simu mkononi. Nilimsikia kupitia ukutani. Akalirudia, na kulirudia tena, mimi, mwanangu, mimi. Hapakuwa na mtu wa kumsikia mle ndani, wala baridi, wala kidole cha kumshika. Neno lenyewe sasa lilikuwa jepesi kabisa.